Unataka kuanzisha tovuti? Anza na haja ya zamani



Juzi nilikuwa kwenye intaneti kafe moja hapa Dar, nasubiri karatasi zangu ziprintiwe. Kijana wa kompyuta ya pembeni akaanza kunipigia stori. "Kaka, mimi nina wazo kubwa. Natengeneza Facebook ya Kibongo." Nikamuuliza, itafanya nini ambacho ile nyingine haifanyi? Akafikiri kidogo. "Itakuwa ya kwetu." Kumbe ameshampa fundi nusu ya malipo, na hela yenyewe ni ya mama yake, ya mahindi aliyouza.

Nikaondoka roho inaniuma. Siyo kwamba kijana hana akili, la hasha. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunadhani kitu kipya kwenye mtandao lazima kiwe kitu ambacho dunia haijawahi kukiona. Tukikikosa hicho, tunachukua cha wenzetu na kukipachika bendera. Sasa kuna mjasiriamali mmoja anayelitazama jambo hili kwa namna nyingine kabisa, na leo ningependa tumsikilize.

Anaitwa Evan Williams, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1972 na kukulia shambani huko Nebraska. Chuo alikiacha njiani. Ni mmoja wa walioanzisha Blogger mwaka 1999 na Twitter mwaka 2006, halafu akaja na Medium mwaka 2012. Mtu kama huyu akizungumzia tovuti mpya, inafaa kutega sikio.

Mwaka 2013, kwenye mkutano mmoja mjini Portland, alieleza hivi kwa ufupi: intaneti ni mashine ya kurahisisha mambo. Ukitaka kujenga kitu kikubwa, tafuta haja ambayo binadamu anayo tangu enzi na enzi, kisha tumia teknolojia kupunguza hatua za kuitimiza. Basi. Hakusema ubuni haja mpya.

Haya, tuipime kanuni yake kwa kazi yake mwenyewe. Haja ya mtu kusema yaliyo moyoni na kusikika ni ya zamani kuliko karatasi. Lakini mwaka 1998 ukitaka kuwa na ukurasa wako mtandaoni, ilibidi ujue kuandika kodi za HTML, upate mahali pa kuuhifadhi, halafu kila ukibadilisha neno moja upakie faili upya. Blogger ikafuta karibu hatua zote hizo. Unaandika, unabonyeza kitufe, imetoka. Wale mnaozikumbuka blogu za Kiswahili za miaka ya 2005 na 2006, nyingi zilikuwa na mkia wa blogspot. Waandishi wake wengi hawakuwa mafundi wa kompyuta. Walikuwa na la kusema, na njia ikawa imefupishwa.

Mfano wa huku kwetu ni mzuri zaidi, ingawa siyo tovuti. Kutuma hela nyumbani ni haja ya tangu babu zetu walipoanza kwenda kufanya kazi mbali. Mnakumbuka ilivyokuwa? Unaweka noti kwenye bahasha, unakwenda stendi ya Ubungo alfajiri, unatafuta kondakta unayemwamini, unaandika jina la mpokeaji, halafu unabaki kuomba Mungu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na kuingia Tanzania mwaka 2008, haikumfundisha mtu yeyote kumpenda mama yake. Upendo ulikuwepo. Kilichoondoka ni safari ya stendi na kondakta.

Kuna jambo la pili ambalo wajasiriamali wengi hulikosa. Blogger haikuwa mpango wa kwanza wa Williams na mwenzake Meg Hourihan. Kampuni yao, Pyra Labs, ilikuwa inatengeneza programu ya kusimamia miradi ya ofisini, na Blogger ilikuwa kitu cha pembeni. Twitter nayo ilizaliwa ndani ya Odeo, kampuni ya vipindi vya sauti, ambayo ilibanwa pale Apple ilipoingiza huduma kama hiyo kwenye iTunes mwaka 2005. M-Pesa vilevile. Kwenye majaribio ya mwaka 2005 huko Kenya, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na wenye mradi wakafumbua macho.

Kwa hiyo angalia watu wanafanya nini na kitu chako. Usiangalie tu ulichowaandikia kwenye matangazo.

Na msidhani ni mteremko. Mwanzoni mwa 2001 Pyra iliishiwa hela, wafanyakazi wakaondoka, Williams akabaki karibu peke yake akiendesha mitambo. Google waliinunua kampuni hiyo mwaka 2003. Miaka miwili ya kula jeuri yake!

Lakini wadau, kanuni hii ina upande wake mchungu, na aliyeukiri ni huyohuyo Williams. Mwaka 2017 aliliambia gazeti la New York Times kwamba aliamini kila mtu akipata uhuru wa kusema, dunia itakuwa bora yenyewe. Akakubali kwamba alikosea. Ukifupisha njia, haupiti ukweli peke yake. Uongo nao unapita hapohapo, tena mbio. Mhariri aliyekuwa anauliza "umehakikisha?" naye alikuwa hatua. Ilikuwa inachelewesha, ndiyo, lakini ilikuwa na kazi. Leo mtu anasambaza taarifa ya kifo cha mtu aliye hai kwa kubonyeza mara moja.

Ndiyo maana mimi ningeongeza kipengele kimoja kwenye kanuni yake: kabla hujafuta hatua, uliza iliwekwa kwa ajili gani.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Tulipokuwa tunaongea, mbele yetu palikuwa na foleni ya wanafunzi wenye fomu za mkopo wa chuo. Mmoja ameleta cheti cha kuzaliwa kihakikiwe. Mwingine kaprinti fomu, anaipeleka serikali ya mtaa, kisha kwa wakili, halafu anarudi kuiskani na kuipakia. Wengine wamerudi mara ya tatu kwa sababu picha ni kubwa mno au jina limekosewa herufi moja. Kila kurudi ni nauli na hela ya kafe. Haja yao ni ya zamani: kusoma. Hatua ni nyingi.

Wazo la tovuti lilikuwa limesimama mbele yetu limeshika bahasha ya kaki. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili chepesi unaoeleza nini kinaanza, nini kinafuata, picha iwe na ukubwa gani, ungemwokolea mtu safari mbili. Muhuri wa wakili usiuguse, huo upo ili mtu asijaze uongo. Lakini ile safari ya kurudi kwa ajili ya picha hailindi kitu.

Nilimwambia achukue daftari, akae pale siku tatu, aandike kila hatua anayoiona, kisha aweke alama: hii inalinda, hii inasumbua tu. Daftari ni la hela ndogo. Ile nusu ya malipo iliyobaki asimpe fundi kwanza.

Hakunijibu. Aliigeukia ile foleni akaiangalia muda mrefu. Karatasi zangu zikawa tayari, nikaondoka.

Na wewe je, hapo ulipokaa, hatua gani inakusumbua bure kila siku? Inawezekana tovuti yako inaanzia hapo. Ukumbi ni wenu, tupeni mawazo.