Moshi wa Buluu Si Lazima Turbo Imekufa

Vijana wa jamaa zetu hapa Maskati, gari lenye turbo likianza kutoa moshi, hunijia na karatasi ya gereji mkononi. Mimi si fundi. Nilikuwa karani mpaka nikastaafu, na karani hatii sahihi asichokisoma. Mara nyingi karatasi inasema: badilisha turbo. Hayo ni mamia ya riali, na si kila mara turbo ndiyo yenye makosa.

Rangi kwanza. Moshi mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi hewa. Tazameni kama mpira wa hewa baina ya turbo na injini umepasuka au umechomoka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, na huku maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda: msiliendeshe. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi kule Jabal Akhdar hauna neno. Wa buluu, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, ni oili.

Oili hiyo inapita wapi? Wakati moshi unapotoka hueleza zaidi kuliko rangi yake. Likitoa wingu moja asubuhi unapowasha kisha likatulia, shuku sili za valvu, maana oili imedondoka usiku kucha. Na ukiteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha ukakanyaga chini na wingu likatoka, ni hizo hizo. Moshi wa kila unapopanda au kuvuta mzigo, shuku ringi za pistoni. Lakini kama gari limesimama muda mrefu linaunguruma, kama tufanyavyo kiangazi tukimsubiri mtu dukani na eisii imewashwa, na moshi ukatoka unapoondoka, hapo shuku turbo.

Shuku, sikusema hukumu. Turbo ni magurudumu mawili madogo kwenye mhimili mmoja: moja huzungushwa na moshi unaotoka, jingine husukuma hewa ndani ya injini. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya oili. Oili huingia kwa nguvu ya pampu, lakini hurudi kwa uzito wake tu, kama maji ya mvua yateremkavyo paani. Bomba la kurudishia likiziba, au kibomba cha injini kupumulia kikiziba na presha ikajaa ndani, oili itapenya kwenye sili za turbo, hata ikiwa imetoka dukani leo. Ndiyo maana wapo waliolipa turbo mpya na moshi ukarudi.

Basi kabla ya kulipa, fundi akague mabomba hayo mawili. Kisha, injini imezimwa na imepoa, afungue mpira wa hewa mbele ya turbo aushike mhimili mbele yako. Kucheza kidogo ubavuni ni kawaida. Ukienda mbele na nyuma mpaka mkono unahisi, au mapanga yamekwaruza ukuta, hiyo turbo imekwisha. Utando wa oili ndani ya mpira peke yake si ushahidi, kwani injini nyingi hupumulia huko huko. Apime pia kompresheni ya kila silinda na akuandikie tarakimu.

Nanyi wekeni daftari. Skuli ya misheni ilitufunza kuandika tarehe kabla ya neno lolote, na hilo halijanitoka. Gari liwe mahali sawa, injini izimwe dakika kumi, ndipo upime. Andika kilomita na oili uliyoongeza. Baadhi ya watengenezaji huhesabu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa ni kawaida, kwa hiyo bila daftari huna la kumwambia wakala. Na oili isipungue chini ya alama, kwani turbo huumia mapema.

Wenye dizeli wana hatari zaidi. Turbo ikivujisha oili nyingi, injini yaweza kuila oili hiyo kama mafuta na kupaa mbio yenyewe, hata ufunguo ukiutoa haizimiki. Ukiliona wingu zito na mngurumo unapanda bila mguu wako, simamisha gari, wateremshe watoto, msogee mbali.