Kuku Kumi Hawana Chupa Yao

Mwenye kuku kumi wa kienyeji uani akiona mmoja amezubaa, anahara kijani na shingo inapinda, hukimbilia duka la dawa za mifugo. Hapo hakosi pakiti ya oksitetrasaiklini, maarufu kwa jina la OTC. Wengine hata dukani hawafiki: hufungua kidonge cha rangi mbili kilichobaki mtoto alipougua, wakakimimina kwenye maji ya kuku. Siku chache baadaye banda ni jeupe. Ugonjwa wenyewe ni mdondo, au kideri, na unasababishwa na kirusi. Antibayotiki haikigusi. Kundi ambalo halikuchanjwa linaweza kuisha lote.

Kinga ipo, na ilitafutwa kwa kumfikiria mfugaji huyuhuyu. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Profesa Peter Spradbrow na wenzake walichagua aina ya kirusi kisichodhuru kinachostahimili joto, I-2, na mbegu yake ikagawiwa nchi maskini bila malipo ili zijitengenezee chanjo. Tanzania ni mojawapo. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) huitengeneza hapa nchini. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo kipimo kilekile, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Jokofu bado linahitajika kuihifadhi, ila inavumilia safari ya kijijini kuliko chanjo za mdondo zilizozoeleka.

Basi kwa nini kuku wanaendelea kufa? Naona jibu kubwa liko kwenye chupa. Chanjo za kuku hufungashwa kwa dozi 100, 200 au zaidi, na zikishachanganywa haziwekwi akiba kwa wiki ijayo. Mwenye kuku kumi ananunua ya kuku mia na kumwaga iliyobaki. Akipiga hesabu, na nauli ya kwenda mjini penye jokofu, anaahirisha. Pakiti ya antibayotiki haimdai jokofu wala majirani. Ndiyo maana dawa isiyotibu iko karibu naye, na kinga inayofaa iko mbali.

Sheria hazikosekani. Tanzania ilitunga Sheria ya Veterinari na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama mwaka 2003, na dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Antibayotiki ni dawa za kutolewa kwa cheti cha daktari. Lakini afisa mifugo mmoja akihudumia kata nzima, cheti cha kuku wawili kitaandikwa na nani, saa ngapi? Mwenye duka ndiye anayegeuka daktari. Mfugaji naye, badala ya kutoa taarifa, huwahi kuuza wanaozubaa kabla hawajafa. Wanapakiwa kwenye tenga, wanapelekwa mnadani, na kirusi kinafika kijiji cha pili.

Gharama ya antibayotiki hizo haiishii bandani. Antibayotiki nyingi zina muda wa kusubiri kabla nyama na mayai ya kuku aliyetibiwa hayajaliwa, na muda huo mara nyingi umeandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa Kiingereza. Yai linalokusanywa asubuhi linakaangwa mchana. Zaidi ya hapo, bakteria wanaokutana na dawa mara kwa mara, tena kwa vipimo vya kukisia, hujenga usugu, na tetrasaiklini hizohizo hutumika kutibu binadamu.

Kufunga mlango wa dawa peke yake hakutoshi. Marekani ilifanya hivyo Juni 2023: antibayotiki muhimu kwa binadamu zilizokuwa zikiuzwa huru kwa ajili ya mifugo zikawa za cheti tu. Kwa upande wa usugu ulikuwa uamuzi sahihi. Hata hivyo mwenye kuku watano uani alibaki na swali la wapi atampata daktari wa wanyama anayekubali kutibu kuku. Kama huko swali hilo ni gumu, huku kwetu ni gumu maradufu.

Juni 2025 Serikali ya Tanzania ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa asili wakawekwa katika kundi la kuchanjwa bure. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Ila mdondo haungoji kampeni: vifaranga wanaototolewa baada ya wachanjaji kuondoka hawana kinga yoyote. Kinachohitajika ni mchanjaji wa kijijini aliyefundishwa, anayepita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne na kulipwa kwa kila tone, pamoja na chupa ndogo za dozi chache. Halmashauri zinaweza kuanza na hilo la kwanza bila kusubiri kiwanda.

Nawe mwenye kuku kumi, hesabu kuku wa majirani zako. Mkifika mia, changeni fedha, pangeni siku moja na mwiteni afisa mifugo kabla kiangazi hakijakolea.