Mzigo ulichelewa Eastleigh, akapanda treni kwenda kuiona bahari

KAMPALA — Kwa miaka 11 mwanamke mmoja mwenye duka la nguo za watoto Kikuubo amekuwa akienda Nairobi karibu kila mwezi, lakini Nairobi aliyoijua ni ya mitaa miwili tu: Eastleigh anakonunua na Gikomba anakolinganisha bei. Hupanda basi jioni, huteremka Busia usiku kugongewa hati, hufika asubuhi, hununua, hufunga mzigo, hurudi. Karibu kila boksi dukani mwake limepitia bandari ya Mombasa. Binti yake alipomuuliza bahari ikoje, hakuwa na jibu.

Jibu lilipatikana Ijumaa moja, kwa hasara.

"Mama, kontena bado. Njoo Jumatatu," alimwambia muuzaji wake wa jumla.

"Sasa siku tatu nitakula wapi, ndugu yangu?"

Wenzake wengi hukaa gesti wakihesabu fedha zinavyopungua. Yeye alimwachia muuzaji fedha za mzigo, akaandikiwa risiti, akabaki na nauli na akiba ndogo. Kisha akaomba akatiwe tiketi ya treni ya SGR kwa M-Pesa, naye akarudisha taslimu. Hilo ni la kuzingatia: mwisho wa wiki viti vya daraja la kawaida hujaa mapema, na mwenye laini ya Uganda atahitaji mwenyeji wa kumlipia. Alipata kiti cha alasiri. Begi lake lilikuwa na gauni moja na shuka la basi.

Kilichomwezesha kuamua ghafla hivyo ni kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu, alichokuwa nacho mkobani. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho, bila pasipoti. Busia nako, tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2018, msafiri huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande anaoingia, badala ya kupanga foleni mara mbili.

Kaskazini mwa Ulaya vijana wamezoea safari za namna hii. Hupanda meli Stockholm jioni na kuamkia Tallinn, kisha wakachukua basi hadi Riga, wakilala hosteli za bei ya chini. Estonia na Latvia ziliingia katika eneo la Schengen Desemba 2007. Afrika Mashariki tulianza soko la pamoja Julai 2010, lakini wanaolitumia kwa matembezi bado ni wachache. Mfanyabiashara akivuka bila mzigo, hata wenzake humshangaa.

Mombasa alifika usiku, akalala chumba cha bei nafuu. Asubuhi alizunguka Mji wa Kale hadi chini ya kuta za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Kwa mama mmoja wa barazani aliagiza mandazi. "Haya mahamri, mwanangu," alisahihishwa, akaongezewa mbaazi. Kiswahili chake cha sokoni kilimtosha kwa kila kitu isipokuwa kifungua kinywa.

Si kila upande unaingilika kirahisi hivyo. Anayetaka Bukoba au Mwanza kupitia Mutukula aende na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kwa sababu Tanzania haimo katika mpango wa vitambulisho. Ni ajabu kwamba mpaka wenye jengo zuri la pamoja, lililozinduliwa mwaka 2017, bado unamrudisha mtu mwenye kitambulisho halali. Cheti cha homa ya manjano nacho kiwepo. Chanjo ni moja kwa maisha yote.

Kigali ni karibu kuliko Mombasa, na usiku mmoja wa basi unatosha. Lakini mifuko ya plastiki iachwe nyumbani, saa irudishwe nyuma kwa saa moja, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi iepukwe: asubuhi hiyo ni ya umuganda, maduka hufungwa na watu huwa kwenye kazi za jamii. Aliyepanga kufika Kimironko mapema atakaa kibarazani akisubiri.

Yule wa Kikuubo alimaliza Jumamosi yake Likoni. Kivuko hakimtozi anayetembea kwa miguu, kwa hiyo alivuka, akarudi, akavuka tena. Mara ya tatu vivuko vilisimama kupisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini, ndefu kuliko Kikuubo nzima kwa macho yake. Alimpigia binti yake simu ya video akaielekeza kwenye maji.

"Mama, mzigo wetu uko humo?"

Alisema huenda. Jumatatu asubuhi alikuwa Eastleigh na risiti yake mkononi, na kontena lilikuwa limefunguliwa.