Majibu ya VVU ni hasi, mbona hofu haiishi?
Umepima mara tatu, majibu ni hasi, lakini kila homa bado inakunyima usingizi.

Kipimo cha haraka cha damu ya kidoleni hutafuta kingamwili, ambazo huweza kuchelewa kuonekana hadi miezi 3. Ukipima baada ya miezi 3 tangu tukio unalolihofia, na hujajiweka tena hatarini, majibu hayo yaamini. Kupima tena na tena hutuliza siku chache tu, kisha shaka hurudi.

Homa ina sababu nyingi, ikiwemo malaria. Imchunguze mhudumu wa afya. Hofu yenyewe huleta moyo kwenda mbio na kukosa hamu ya kula.

Kinachohitaji msaada sasa ni hiyo hofu. Mweleze mshauri nasaha kituoni, hata kama ilianzia kwa jambo ulilotendewa njiani ulipokimbia. Mazungumzo hayo ni siri.