Kadi ya Grafiki Ikianza Kuumwa

Kwa mwenye studio ndogo ya video za harusi pale Kirumba au Buzuruga hapa Mwanza, kompyuta ikisimama na riziki imesimama. Siku kioo kinapoanza kutoa mistari ya rangi na vidoti vya kijani, au kinapozima ghafla huku feni zikiendelea kuvuma, hofu ya kwanza ni kupoteza kazi za watu. Nianze na hilo: kadi ya grafiki haihifadhi mafaili. Kumbukumbu yake hubeba picha za muda tu, na umeme ukikatika hufutika. Harusi ya mteja iko kwenye hadi disiki. Hata kadi ikifa leo, video ipo. Una muda wa kufikiri kabla ya kukimbilia dukani.

Muda huo utumie kuhakikisha kwamba mgonjwa ni kadi kweli. Piga picha ya kioo kwa kitufe cha kompyuta yenyewe, si kwa kamera, kisha itume kwenye simu uitazame. Vidoti vikionekana ndani ya picha hiyo, tatizo liko kwenye kadi au programu zake. Picha ikiwa safi, anza kushuku waya au kioo chenyewe; azima waya mwingine kwa jirani kabla hujatoa shilingi. Kisha zima na uwashe, uangalie kwa makini. Uchafu ukijitokeza tangu nembo ya kampuni inapotokea, kabla Windows haijapanda, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, haina hatia. Ukitokea baada ya hapo tu, futa draiva na uiweke upya.

Jaribio lenye uzito zaidi ni kuitoa kadi na kuchomeka waya wa kioo kwenye tundu la madabodi. Kompyuta nyingi zina grafiki ndogo ndani ya prosesa. Zipo zisizo nayo: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, na Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 zisizo na herufi G. Mashine ikitulia bila kadi, umeshajua. Na kuna faida nyingine: hiyo grafiki ndogo inaweza kumaliza kazi ya wiki hii. Itakwenda polepole, utahariri kwa nakala za video zilizopunguzwa ukubwa, lakini bibi harusi atapata video yake.

Kompyuta ikizimika yote, feni na kila kitu, hasa wakati wa kutoa video au kucheza gemu, usiilaumu kadi kwanza. Pawa saplai ndiyo ya kuchunguza. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75. Waya wa pini sita huongeza 75 nyingine, na wa pini nane huongeza 150. Kompyuta za ofisini za mtumba, kama zile Dell OptiPlex nyembamba, mara nyingi hazina kabisa waya hizo. Kuzibebesha kadi kubwa kwa kuunganisha waya kienyeji ni kutafuta moto.

Hapa Mwanza joto la hewa si adui mkubwa. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hatuna chumvi ya pwani inayokula shaba. Kadi zetu zinaumizwa na vumbi, na umeme unaopanda na kushuka, na wadudu wa ziwani. Wale wanaoinuka kutoka majini kwa mawingu, mara nyingi karibu na mwezi mwandamo, hufuata taa usiku. Studio inayofanya kazi usiku dirisha likiwa wazi huwavuta ndani, feni huwafyonza, na miili yao hukwama na vumbi katikati ya mapezi ya chuma cha kupoozea. Joto la chipu linapanda hadi kadi inajipunguzia kasi yenyewe. Nyuzi 70 hadi 85 wakati wa kazi nzito ni kawaida. Ikikaa juu ya 90 muda wote, fungua. Safisha kwa brashi laini na blowa, ukiishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Pesti ya kupoozea ikiwa imekauka, badilisha. Kadi nyingi zilizohukumiwa kufa hufufukia hapa, kwa gharama ndogo sana.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Ukipeleka kadi kwa fundi, huenda ukaambiwa: tuipige hiti. Kadi inapulizwa hewa ya moto, inawaka mbele ya macho yako, unalipa, unaondoka na furaha. Baada ya wiki chache ugonjwa umerudi. Sababu yake inafahamika. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa mapema, kwa udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuifunga chipu. Kila chipu inapopata moto na kupoa, hutanuka na kusinyaa, na vile vinundu vidogo vya lehemu vinavyoishikilia hupata nyufa. Moto wa fundi hufanya nyufa zigusane tena kwa muda, lakini haziungani. Tena moto huo unaumiza kapasita na chipu za kumbukumbu zilizo jirani. Usilipie hiti. Mlipe fundi anayeshika mita kwanza, akapima fyuzi, kapasita na sehemu za kudhibiti umeme, akakuonyesha kilichoungua. Feni, pesti, fyuzi na kapasita zinastahili kutengenezwa. Chipu yenyewe ikiwa imekufa, ishia hapo.

Kompyuta mpakato ina hesabu tofauti, kwa sababu chipu imelehemiwa kwenye ubao. Kama ina grafiki mbili, zima ile kubwa kwenye mipangilio na uendelee na kazi.

Ukiamua kununua, kadi za mtumba zipo nyingi. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagika sokoni duniani kote. Hazifai kukataliwa zote. Kagua feni na pesti. Hatari kubwa zaidi ni za bandia: chipu ya miaka mingi iliyobadilishwa programu yake ijitaje kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z inazitambua nyingi tangu 2018. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, omba kadi ichomekwe na iendeshwe kwa kazi nzito nusu saa, ukitazama joto na kioo. Muuzaji akikataa, beba flashi yako uende duka la pili. Na kama bajeti inabana, chukua kadi ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada, na pesa inayobaki nunulia stebilaiza nzuri.