Kusafisha, kufuta na kugeuza: maneno ya kuskani negativu

Negativu ni picha iliyomo katika ukanda wa filamu, ambamo mwanga na kivuli vimebadilishana nafasi: shati jeupe huonekana jeusi. Katika maandishi rasmi huitwa pia picha hasi. Kivumishi hasi ni kile kile cha hisabati na umeme, na kinyume chake ni chanya. Kisichanganywe na kitenzi hasi, chenye maana ya kumfanya mnyama dume kuwa maksai.

Safisha. Kitenzi hiki ndicho chenye hatari kubwa kwa mfasiri. Katika lugha ya studio, kusafisha picha ni kuipitisha filamu katika dawa, gizani, mpaka sura zitokee. Kwa hiyo agizo "safisha negativu kabla ya kuskani" lina maana mbili, na mwenye kufuata ile isiyokusudiwa aweza kuitia negativu dawani. Jelatini inayobeba picha huvimba ikilowa, ikachubuka kwa urahisi. Iandikwe: "puliza, kisha futa vumbi kwa brashi laini."

Vumbi lina uzito wa pekee hapa. Skana nyingi huondoa alama za vumbi kwa msaada wa mionzi ya infraredi, ambayo hupenya filamu ya rangi. Katika filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, picha imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, nazo huizuia mionzi hiyo. Kipengele hicho kizimwe, la sivyo skana itadhani picha yenyewe ni uchafu.

Geuza na pindua. Kugeuza hasi kuwa chanya ni kubadilisha mwanga kuwa kivuli na kivuli kuwa mwanga. Kazi hiyo hufanywa na programu. Kupindua ni kubadilisha upande: kushoto kuwa kulia. Upande wenye jelatini haung'ai kama upande wa pili, na ukilazwa kinyume cha maelekezo ya skana, picha hutoka kama ya kwenye kioo.

Tuseme mtunza kumbukumbu ana negativu za Oldeani, ambako walowezi wa Kijerumani walilima kahawa kati ya vita viwili vya dunia. Kwa aliyesimama Karatu akitazama kaskazini-magharibi, Mlima Oldeani uko kushoto na kreta ya Ngorongoro iko kulia. Picha ikipinduka, mlima huhamia kulia, na maelezo yaliyo sahihi chini yake huonekana ya uongo. Mwongozo uliotumia "geuza" kwa kazi zote mbili hauwezi kumwokoa.

Skani. Changanua hutumika pia, lakini maana yake kuu ni kupambanua jambo. "Kuchanganua negativu" kwaweza kueleweka kuwa ni kuzichunguza. Skani haina utata huo. Skana ya mezani iwe na taa kwenye kifuniko, kwa kuwa negativu husomwa kwa mwanga unaopenya. Kwa nukta 2400 kwa inchi, fremu ya milimita 24 kwa 36 hutoa takriban nukta 2267 kwa 3401.

Kwa ufupi: filamu husafishwa studio, vumbi hufutwa, mwanga hugeuzwa, upande hupinduliwa.