Mbatian, wanawe wawili na sotoka

Ndugu mfugaji, mara nyingi kipeperushi hiki huanza na dalili za ugonjwa. Safari hii tunaanza na mzee wa Kimasai aliyefariki karibu mwaka 1890, maana yaliyoipata nyumba yake yanaligusa zizi lako hapa Nkende.

Mzee huyo ni Mbatian, mwana wa Supeet, wa ukoo wa malaiboni. Laiboni hakuwa mtemi wala jemadari. Alikuwa mwaguzi na mganga aliyeombwa baraka kabla vijana hawajaenda kuteka ng'ombe, na waliorudi salama walimletea fungu lake. Hivyo zizi lake lilijaa bila yeye kushika mkuki. Ng'ombe ndio waliokuwa chakula, mahari, fidia na heshima, jambo ambalo watu wa Tarime na Serengeti hawahitaji kufundishwa. Mwaka 1899 Mwingereza Mackinder alivipa vilele vya Mlima Kenya majina ya familia hii: kirefu kuliko vyote, mita 5,199, ni Batian, cha pili, Nelion, kina jina la ndugu yake, cha tatu ni Lenana, mwanawe.

Wamasai husimulia kwamba Mbatian alipokaribia kufa alimwambia mwanawe mkubwa, Sendeyo, aje alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Lenana alikuwa amejificha katika banda la ndama, akasikia yote. Akawahi. Mzee, ambaye macho yake hayakuona vizuri, akampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu na mawe ya kupigia ramli. Sendeyo alipofika akakuta urithi umekwenda. Akaapa kupigana na ndugu yake, na Wamasai wakagawanyika, wengine kwa Lenana, wengine kwa Sendeyo upande wa Loita. Ugomvi huo ulikwisha mwaka 1902, Sendeyo alipokuja kwa mdogo wake kuomba amani.

Vita hivyo vilianguka katika miaka mibaya kuliko yote. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kupita katika mazizi ya Wamasai. Kisha ikaja sotoka. Iliingia Massawa, pwani ya Eritrea, mwaka 1887, ikashuka kupitia Ethiopia na kufika Umasaini karibu mwaka 1890. Ng'ombe alishikwa na homa kali, akatokwa machozi, akapata vidonda mdomoni, akaharisha na kufa ndani ya siku chache. Mazizi mengi yaliachwa tupu. Njaa ikafuata, na ndui juu yake. Mwaka 1892 msafiri Baumann alipita Ngorongoro na kuona watu waliobaki mifupa. Familia nyingine ziliacha watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate kula.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Aliyefilisika alitaka kurudisha mifugo kwa kuteka. Lakini sotoka ilikaa katika mwili wa ng'ombe siku 3 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana. Kundi zuri lililoswagwa usiku liliweza kubeba ugonjwa hadi zizi jipya, na mwenye zizi akadhani amerogwa. Virusi hivyo havikudumu nje ya mnyama. Vilihitaji mtu wa kuwahamisha ng'ombe, na watu wenye njaa na ugomvi hawakukosekana.

Sotoka ya ng'ombe haipo tena. Chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, iliwakinga ng'ombe maisha yao yote, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Hata nyumbu wa Serengeti ni ushahidi: ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, ugonjwa ulikoma pia kwa nyumbu, nao wakaongezeka kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kupita milioni moja.

Homa ya mapafu bado ipo. Ilikuwa imetokomezwa nchini, ikarudi mwaka 1990 kupitia Loliondo. Nayo ina hila kuliko sotoka. Ng'ombe huweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila dalili, na aliyepona huweza kubaki na kidonda kilichofungika ndani ya pafu, akawaambukiza wenzake huku amenenepa. Sindano unayomchoma mwenyewe inaweza kupunguza kikohozi bila kuondoa ugonjwa.

Nasema haya nikijua uchungu wake. Baba yetu alipofariki, kaka yangu aliondoa fungu lake usiku kabla ya kikao cha wazee, akaogopa kudhulumiwa. Akalichanganya na madume wawili wa mnadani. Baadaye tulipatana, akarudisha mitamba minne nyumbani kama ishara ya amani. Mmoja alikuwa anakohoa. Mimi nilikuwa bado chuoni. Niliporudi likizo mazizi yote mawili yalikuwa na kikohozi, na ng'ombe waliogombaniwa walikuwa wamepungua karibu nusu.

Kwa hiyo mkigawana urithi, au ukipokea mahari, au ukinunua mnadani, wageni wasilale na wenyeji usiku wa kwanza. Watenge angalau mwezi mmoja, malisho na maji yao peke yao, na uulize walikotoka na kama wamechanjwa. Mwezi hautoshi kuifichua homa ya mapafu kila mara, ndiyo maana swali la walikotoka lina uzito kuliko unene wao. Usiwahamishe bila kibali. Mbuzi na kondoo nao wana sotoka yao, ambayo bado ipo. Wapeleke kwenye chanjo kila inapotangazwa.

Asubuhi ng'ombe wanapoinuka, simama zizini usikilize kabla hujakamua. Ukisikia kikohozi, au ukimwona aliyenyoosha shingo na kutanua viwiko vya miguu ya mbele ili apate pumzi, usiuze, usichinje kimya kimya, usimpeleke kwa shemeji. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata siku hiyohiyo.